Tawi Lililotaka Kufeli

Mpimaji alikuwa amezoea kudanganywa. Makao makuu ya mamlaka ya maji yalikuwa yamemtuma kuzunguka matawi yote, apime kila moja limekomaa kiasi gani kidijitali, na kila alikopita alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa: skrini zimewashwa bila kazi, wafanyakazi wamekaririshwa maneno mazito wasiyoyaelewa wenyewe. Kwa hiyo alipofika tawi la mwisho na kukuta hakuna hata mmoja anayejisifu, machale yakamcheza.

"Karibu dada," alisema meneja, mama wa makamo mcheshi. "Kwetu utamaliza mapema. Sisi bado tuko gizani."

Akamwonyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa na mafaili yaliyorundikwa hadi dirishani. Mpimaji akaanza maswali yake. Mnajua presha ya maji bila kwenda kwenye bomba? Tutajuaje, dada? Bomba likipasuka mnapataje habari? Mpaka mtu aje kulia hapa. Alama zilizidi kushuka, na kila zikishuka, meneja alionekana kupumua vizuri zaidi. Hilo ndilo lililomtatiza mpimaji. Nani anafurahia kufeli?

Jioni alikwenda kulala kwa shangazi yake, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili kutoka pale ofisini. Wakati wa kula akamsimulia, na shangazi akaangua kicheko.

"Gizani? Hao? Juzi bomba limepasuka hapo nyuma, sijatafuta hata simu, fundi huyo, spana mkononi! Nikamuuliza, baba, umeoteshwa? Akacheka tu."

"Labda jirani alipiga simu."

"Jirani gani, mwanangu? Majirani wote walikuwa kazini. Nilikuwa peke yangu na maji yangu."

Mpimaji akaacha kutafuna. Kumbe alikuwa anachezewa shere.

Asubuhi alirudi ofisini bila taarifa wala kupiga hodi. Akaketi mapokezi, akajifanya anasoma simu yake. Mafundi waliingia mmoja mmoja, wakapitiliza hadi stoo ya mabomba, wakatoka mikono mitupu na kuondoka mbio kama watu wanaojua pa kwenda. Hakuna aliyebeba hata kipande cha bomba.

"Naomba kuiona ile stoo," akasema.

Dada wa mapokezi akaruka kitini. "Stoo? Mna panya, dada! Panya wakubwa!"

"Siwaogopi."

Akasukuma mlango. Ndani hapakuwa na panya wala bomba. Palikuwa na skrini pana ukutani, ramani ya mtaa mzima imechorwa kwa mistari ya buluu, na nukta nyekundu ikiwaka pale presha iliposhuka. Meneja alikuwa ameketi mbele ya skrini hiyo. Aligeuka, na ucheshi wote ukamtoka usoni.

"Umenifanya mjinga jana kutwa," mpimaji akasema.

"Nimekufanya mgeni wa makao makuu," meneja akajibu. "Wenzetu wa tawi jirani walikuonyesha kila kitu?"

"Hawakuwa na cha kuonyesha. Mfumo wao haufanyi kazi."

"Zamani ulifanya. Walipimwa, wakapata alama za juu, wakapigiwa makofi. Kisha makao makuu wakamhamisha aliyeutengeneza, wakaubeba mfumo, wakawaletea mwingine wa kununua. Leo wateja wao wanamsubiri fundi mpaka ndevu zinaota mvi."

Mpimaji hakumwamini. Kila mdanganyifu ana kisa chake cha kutia huruma. Lakini akakumbuka maagizo ya bosi wake: ukikuta tawi linalong'aa, usiandike chochote, nipigie mimi kwanza. Wakati ule aliona ni utaratibu wa kawaida. Sasa maneno yale yalianza kumwasha. Akatoka uani, akapiga.

"Mkuu, nimepata tawi zuri sana."

"Nani kaunda mfumo wao?"

"Hutaki kujua unafanyaje kazi?"

"Jina, dada. Nipe jina tu, mengine tutamalizana nayo huku."

Hakuuliza watu wangapi wanapata maji. Hakuuliza hata ni tawi gani. Mpimaji akasema atafuatilia, akakata simu.

Aliporudi stoo, meneja alikuwa amesimama, uso umemnywea. "Sawa. Kama lazima ujue, aliyeutengeneza ni..."

"Usiniambie!" mpimaji akamkatiza. "Nisichokijua hakitanitoka."

Siku hiyohiyo aliandika ukweli mtupu: mfumo upo, unafanya kazi, umeundwa na tawi lenyewe, na matawi mengine yaje kujifunza hapohapo. Badala ya kumpelekea bosi peke yake, akaituma ripoti kwa bodi nzima na kwa mameneja wote kwa mpigo.

Bosi alimwita, akafunga mlango, akamdai jina la aliyeutengeneza mfumo. Mpimaji akamwambia halijui. Bosi akamkazia macho, akitafuta uongo, asiupate. Baada ya hapo hakumpa tena kazi ya kuzunguka; alimweka kwenye ofisi isiyo na dirisha, na wenzake wakaanza kunyamaza kila alipoingia.

Lakini matawi yalikwenda kujifunza, na lile tawi jirani ndilo lililotangulia. Mfumo ulipokwisha kuenea, kila tawi likiwa na watu wanaoujua, hapakuwa tena na mtu mmoja wa kuhamishwa.