Picha za Mgongo wa Binti Yangu

Nawaandikia wazazi wenzangu, hasa kina mama wenye simu ya kamera na moyo mwepesi kama wangu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi na kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, nivumilieni kama wateja wanavyonivumilia nikishona pindo la haraka. Ninayoandika ni onyo. Msiyachukue kama maneno ya kupitishia muda.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Baba yake alijilaza baada ya chakula cha mchana, mzima wa afya, akisema anapumzisha mgongo kidogo. Hakuamka. Binti alikuwa bado mwanafunzi. Tangu siku ile hofu ilihamia kwangu kama mpangaji asiyejua kuhama. Nikisikia honi barabarani, nimesimama. Nikisikia mtu anakimbia, nimeshika kiuno.

Haikupita muda, siku moja isiyo ya shule, mtoto akachelewa kurudi. Nilitoka mbio, kanga iko begani, nikagonga kwa jirani. Jirani akaniuliza swali moja tu: amevaa nini? Si mnajua hata redioni, mtu akipotea ndivyo wanavyotangaza, kwamba alipoonekana mara ya mwisho alikuwa amevaa hiki na hiki. Basi mimi, ambaye hakuna nguo ya mtoto yule ambayo sikuishona kwa mikono yangu, nilisimama mlangoni kwa watu nikashindwa kusema. Bluu? Ya maua? Kichwa kilikuwa cheupe. Kabla sijamaliza kulia mtoto akatokea anatafuna muwa, anauliza nani amekufa.

Kesho yake nikaanza kupiga picha.

Cherehani yangu iko barazani. Kutoka pale njia inanyooka mpaka kwenye kona ya kinyozi, ndipo binti anapopinda. Nilikuwa nasubiri afike konani, mbali asisikie, halafu nainama nyuma ya gurudumu la cherehani, natoa simu, napiga. Mgongo tu. Jioni akirudi nashukuru Mungu. Kuifuta siwezi. Nilijiuliza, mama gani anafuta mtoto kwa kidole chake mwenyewe? Basi zikakaa. Sare ya shule yenye kiraka kiunoni, gauni la kijani nililokosea zipu, mwavuli, sweta, mpaka lile koti jeupe, maana sasa ni mtu mzima na anauza katika duka la dawa.

Na mtu mzima hapendi kuchungwa. Nilikuwa na tabia ya kumpigia simu akiwa kazini, kumuuliza kama amefika, na baadaye kumuuliza kama bado amefika. Siku moja alirudi, akavua viatu, akaniambia taratibu kwamba yeye si mbuzi. Tena shangazi yake, dada wa marehemu, ana chumba kitupu karibu kabisa na lile duka la dawa, na kila akija kutusalimia anamwambia mpwa wake, "Njoo kwangu mwanangu, upumue." Upumue! Kana kwamba kwangu anakaa chini ya godoro. Binti hucheka tu, hasemi ndiyo wala hapana. Mimi nilijua jambo moja: siku atakayoziona picha zile, akajua kwamba mama yake kila asubuhi humsindikiza kama mtu asiyerudi, siku hiyo atafunga begi.

Sasa simu ikajaa. Ikagoma hata kupokea ujumbe wa wateja. Nikaipeleka kwa jirani yetu wa mtaa wa nyuma anayepiga picha za pasipoti na vitambulisho. Watu wanamwita Usicheke, maana ndilo neno analomwambia kila anayekaa kwenye kile kigoda chake, na yeye mwenyewe ndiye mcheshi kuliko wote. Nilimwomba anihamishie picha bila kuzitazama. Akaniambia, "Mama Fundi, hivyo ni sawa na mimi kukuletea suruali uipunguze bila kuishika."

Akazifungua kwenye kompyuta, kubwa, mfululizo. Mimi siku zote nilikuwa naziona moja moja, ndogo, nikiwa na haraka ya kuficha simu. Pale zilipita zote, na nikamwona mwanangu anakua kwa nyuma. Mabega yalikuwa yamejikunja mwaka ule wa msiba, yakakaa hivyo muda mrefu, halafu pole pole yakafunguka. Mimi ni fundi, mgongo ndio kazi yangu, lakini ule sikuwahi kuusoma. Nikasikia hamu ya ajabu: nilitaka mtu mwingine auone.

Usicheke hakunitania. Alisema ana klabu yao ya wapenda picha, wanakutana Jumamosi alasiri katika darasa la chekechea pale jirani na kwake, nizilete. Nikakataa. Akaniuliza namficha nani.

"Mwenye mgongo," nikamwambia.

"Basi usiogope. Mwenye mgongo si mwanachama."

Jumamosi ya kwanza nilikwenda, ila nilipeleka picha ya ua. Nilikuwa nimelipiga kwenye kopo mlangoni, jekundu, limenyooka, halina kesi na mtu. Klabu yenyewe ni watu wachache waliokaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, wakubwa kwa wadogo sote sawa. Picha zinabanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Na wana sheria yao: mwenye picha hafungui mdomo mpaka wengine wote wamalize kusema. Hata wakikosea, hata wakiita mbwa wako mbuzi, unanyamaza. Wanasema ukianza kueleza, watu wanakusikiliza wewe, picha wanaiacha.

Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu anayepiga ndege tu, wanamwita Bwana Ndege, ana kamera ndefu kama bomba la maji. Kulikuwa na dada mmoja msusi anayepiga vichwa vya wateja wake. Walilitazama ua langu wakasema linapendeza, wakahamia kwa mwingine. Nilirudi nyumbani salama, na salama ile haikunishibisha. Nilikuwa kama mtu aliyealikwa karamuni akala ndizi aliyotoka nayo kwake.

Wiki nzima nilibishana na moyo. Moyo unasema peleka, hofu inasema atajua. Wakati natia uzi kwenye sindano najiambia nitapeleka, uzi ukipita najiambia sipeleki. Mwisho nilikwenda kwa Usicheke nikachagua picha chache, akanichapia. Alipoziweka kwenye bahasha nilikuwa nimekaza uso kama wa pasipoti, akaniambia, "Usicheke, Mama Fundi," nikajikuta nimecheka.

Jumamosi hiyo binti aliniuliza naelekea wapi nimejipaka mafuta hivyo. Nikamdanganya naenda kumpima mteja. Akanitazama kidogo, akasema haya mama, nenda salama.

Nilizibana mwenyewe kwenye kamba. Vibanio tu ndivyo nilivyovijua mle ndani. Halafu nikakaa, nikauma ncha ya mtandio, nikasubiri kuchekwa.

Wakazikodolea macho kutoka vitini. Mimi nikaanza kuhesabu makosa yangu. Picha zimeinama. Nguzo ya umeme inakata upande. Nyingine ina kivuli cha gurudumu la cherehani. Nilijisemea, wanatafuta namna ya kunifukuza kwa heshima.

Wa kwanza kusema alikuwa msusi. Alisogea karibu, akafuata vichwa kwa kidole bila kugusa. Akasema hapa mwanzoni mistari imepinda, anayemsuka mtoto huyu alikuwa hayuko sawa. Hapa kati subira imemrudia mtu huyo, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Na hapa mwishoni msichana anajisuka mwenyewe. Sikumtazama. Mikono iliyosuka mistari iliyopinda ilikuwa mapajani mwangu, imefinyana.

Kisha Bwana Ndege akainuka kwenye kile kiti kidogo, kiti kikainuka naye, akakibandua. Akavaa miwani. Akapita picha ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi ya kwanza. Nilijua huyu ndiye wa kunipasua, maana yeye ni mtu wa picha za magazetini.

"Huyu hatembei," akasema.

Wakamuuliza vipi. Akaeleza kwamba ndege anayetaka kuruka unamjua kwa miguu kabla ya mabawa, na binadamu ni vivyo hivyo. Mtu anayetembea lazima kisigino kimoja kiwe juu. "Tazameni visigino. Hapa vyote viko chini. Hapa pia. Hapa pia. Msichana huyu amesimama." Akagusa ile ya mwavuli kwa ukucha. "Hata kwenye mvua amesimama."

Watu wakainuka wote wakaenda kutazama. Wakabaki kunitazama mimi. Nilitaka kusema, lakini sheria ni sheria, nikauma mtandio. Ndani yangu kulikuwa na kelele. Miaka yote ile picha zangu hazikuwahi kutoka na ukungu, na mimi nikiwasifia majirani kwamba simu yangu ni imara.

Usicheke akasema kwa sauti ya chini, "Mama Fundi, zamu yako."

Nikatoa mtandio mdomoni. "Nilidhani simu ndiyo nzuri," nikasema.

Wakacheka, na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, pale kwenye kiti cha chekechea, magoti kidevuni, mwanamke mzima. Msusi akanipa kitambaa chake cha kufutia mafuta ya nywele. Bwana Ndege akaniuliza kama anaweza kupata nakala ya ile ya mvua. Hakusema inapendeza. Alisema angependa kuiweka mahali ataiona.

Nilirudi nyumbani na bahasha kifuani. Binti alikuwa amekaa barazani, penye cherehani yangu, anavua koti la kazi. Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena. Nikamwekea bahasha mapajani nikasimama kama mtuhumiwa. Akazitoa moja moja. Ya sare. Ya mwavuli. Hakushtuka. Nikamwuliza tangu lini anajua.

"Tangu za mwanzo mwanzo."

"Nani alikwambia?"

"Kioo cha kinyozi, mama. Pale konani naona baraza lote. Nakuona umeinama nyuma ya cherehani kama mwizi wa kuku."

Nikamwuliza mbona hakusema siku zote hizo, na hali hapendi kuchungwa. Alizipanga picha, za zamani chini, mpya juu. Akasema simu za kazini ndizo zilizokuwa zinamchosha, maana zinamkuta na wateja. Lakini hii ya asubuhi alijua ningeacha kama angegeuka, na nikiacha nitashinda na hofu tupu, bila hata picha ya kushika. Kwa hiyo alikuwa anasimama mpaka aone nimeshusha simu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, ile ya utoto wake, bila kuniangalia:

"Na mimi nikikuona kwenye kile kioo, najua umeamka."

Jamani. Mtoto yule ndiye aliyemkuta baba yake siku ile. Alitumwa kumwamsha. Mimi nilijiona ndiye mwenye hofu peke yangu nyumba nzima, kumbe mpangaji yule alikuwa na vyumba viwili.

Nikakaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. Ilibidi niulize lile lililonikaa kooni, nikauliza. Kuhusu chumba cha shangazi.

Akacheka. "Kwa shangazi nitasimama kona gani? Kule hakuna kinyozi."

Halafu akachomoa picha moja, ile ya gauni la kijani, akaniuliza kama kweli nilimwacha akapita mtaani na zipu imekaa vile. Nikamwambia alikuwa na haraka. Akasema hakuwa na haraka hata kidogo, alikuwa amesimama.

Simpigii simu kazini siku hizi. Najitahidi, kuna siku nakalia simu. Klabuni nakwenda kila Jumamosi na sidanganyi tena, natangaza. Mara moja amenisindikiza, akakaa kwenye kiti cha chekechea kama sisi wengine, Bwana Ndege akamwangalia miguu kwanza kabla ya kumsalimia.

Basi onyo langu ni hili, kina mama wenzangu, mlio na picha mlizozificha. Msizipeleke kwa watu bila kitambaa cha machozi, maana wataona kitu ambacho nyinyi hamkukiweka. Na kwa wale mnaopiga kama mimi, kwa kujificha: chajini simu mapema, futeni kioo cha kamera kwa kanga kabla mtoto hajatoka mlangoni, msianze kupapasa mfukoni yeye akiwa keshafika konani. Amesimama pale anawasubiri, jua linamchoma, na kazini anachelewa.