Mkali Siyo Neno Lake

Mama mtu alipelekwa mahakamani na mwanawe mwenyewe, ndani ya gari la mwanawe, amevaa viatu alivyonunuliwa na mwanawe wiki ile ile. Njiani mwana alimwambia kwa sauti yake ya upole, ile anayoongea nayo na kila mtu:

"Mama, wewe useme unachokijua tu. Mimi sijawahi kumwinulia mtu mkono."

Na kweli hakuwahi.

Alikuwa muuza dawa. Mtaa mzima ulimpenda. Wagonjwa walitoka dukani kwake wamepata nafuu kabla hawajameza kidonge, kwa jinsi alivyowasikiliza na kuwapa pole. Kwa hiyo mkewe, fundi cherehani, alipokwenda kuomba talaka akidai anateswa, majirani walishika vinywa. Anateswa na nani? Na yule? Wengine walisema fundi amepata bwana mwingine, hana lolote.

Lakini mama mtu alikuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe, na mwenye kuishi ndani haambiwi habari za ndani. Mkwewe alikuwa haoni mbali wala karibu bila miwani. Vioo vyake vilikuwa vinene kama kitako cha chupa. Mume akiudhika, iwe ni kwa chumvi kuzidi au mgeni kuchelewa kuondoka, hakufoka. Alingoja mkewe avue miwani anawe uso, akaichukua. Kisha aliketi kwenye kochi, mguu juu ya mguu, akimtazama anavyopapasa kuta.

"Tafuta vizuri, mke wangu," alikuwa akimwambia. "Si una macho?"

Pengine miwani ilipotea kutwa nzima, pengine zaidi. Nguo za wateja zililala mezani bila kuguswa. Fundi aliungua vidole jikoni akitafuta mpini wa sufuria. Mara moja mama mtu aliiona miwani ndani ya ndoo ya unga, akaipangusa, akamrudishia. Mwanawe hakumgombeza. Alikwenda tu chumbani kwa mama yake akafungua taa, akaondoka na balbu, na kila alipokumbushwa alijipiga kipajini kwamba amesahau. Mama wa watu akawa anavaa na kuvua gizani, na kila asubuhi mwana anamwuliza, "Umeamka salama, mama?"

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na cha joto, mabenchi yake yamelegea misumari. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza. Kwa wasiokijua palikuwa na mkalimani, mzee mwenye tai iliyokaza shingo, aliyekohoa kabla ya kila sentensi kama gari linalokataa kuwaka.

Wakili wa mwanawe alisimama. Alimwuliza mama mtu, aliyekuwa kizimbani, mambo mepesi mepesi: anaishi wapi, nani anamlisha, nani anamnunulia dawa ya presha. Kila jibu lilikuwa "mwanangu". Halafu akauliza swali refu lililoishia kwa neno moja fupi, ambalo mama mtu alilisikia kama "kruwel".

Mkalimani alikohoa. "Mama, unaulizwa: katika muda wote ulioishi nao, je, mwanao alikuwa mkali kwa mkewe?"

"Mkali?" Mama mtu alishangaa. "Hapana. Mwanangu si mkali. Hata sauti hapandishi."

Mkalimani akageuza maneno hayo. Wakili akatabasamu, akaanza kukusanya karatasi zake. Mwana alimtazama mama yake kwa jicho la shukrani. Upande wa pili, fundi cherehani aliinamisha kichwa, akashika miwani yake kwa mikono miwili palepale puani, kama anayeogopa upepo.

Mama mtu hakuondoka kizimbani.

"Mama, umemaliza," mkalimani alimnong'oneza. "Shuka."

"Sijamaliza. Baba, nisaidie. Hilo neno lao, maana yake ni mkali tu, au lina maana nyingine?"

Wakili aliruka kupinga. Hakimu, mwanamke mwenye mvi za mbele, alimtuliza kwa kiganja, akamwambia mkalimani ajibu kwa ukamilifu, maana shahidi ana haki ya kuelewa alichoulizwa.

Mzee alilegeza tai. Safari hii hakukohoa. "Nimelitafsiri kwa haraka, mheshimiwa, niwie radhi. Mkali ni kwa mbali tu. Mwalimu anaweza kuwa mkali na asiwe hivyo. Neno lenyewe ni katili. Wengine wangesema dhalimu, lakini huyo zaidi ni mwenye madaraka. Wengine, mtu asiye na huruma, ingawa asiye na huruma anaweza kukupita tu njiani asikuguse. Huyu anayeulizwa ni yule anayemtesa mwenzake, anamwona anavyoumia, na roho yake imetulia."

Mama mtu alikuwa amemzaa mtoto mmoja tu. Alimlea kwa jasho, alimbeba mgongoni akiwa na surua, akamwona akivaa koti jeupe mara ya kwanza akalia mbele za watu. Alishika ukingo wa kizimba.

"Basi andikeni hilo," alisema. "Katili. Huyo ndiye mwanangu."

"Mama!" mwana aliita. Hata hapo hakupaza sauti.

Akasimulia habari za miwani, ndoo ya unga na balbu. Aliposema balbu, wakili wa mwanawe aliketi.

Talaka ilitolewa. Fundi cherehani alipanga chumba karibu na soko, akashona mpaka wateja wake wote wakarudi. Mama mtu alihamia kwa mdogo wake, kitanda kimoja wawili, wakigombana kila siku juu ya dirisha lifungwe au liachwe. Mtaani walimwita mama aliyemuuza mwanawe. Alilisikia hilo sokoni akiwa anachagua nyanya, akaendelea kuchagua.

Miezi ikapita. Jioni moja mwanawe alisimama mlangoni, amekonda, mikono mitupu.

"Uliniita katili mbele ya watu, mama."

"Nilikuita."

"Mimi mwanao."

"Ndiyo, mwanangu. Kama ungekuwa wa mwenzangu ningenyamaza." Alisogeza kiti. "Umekula?"

Hakukaa. Alitazama kiti kile muda mrefu, akamtazama mama yake. Kisha akaaga kwa adabu zake zote, akashuka ngazi. Mama mtu alibaki ameshika kiegemeo cha kiti, akisikiliza viatu vyake vikishuka, mpaka mdogo wake alipokuja kumshika bega na kumwambia chakula kinapoa.