Nyuki Waliambiwa

Asubuhi moja ya Juni, huko Somerset, Bi Muriel Tapscott alishuka jikoni kuchemsha maji ya chai, akakutana na okidi, yale maua ya kondeni, kwenye ngazi. Zilikuwa zinapanda polepole, kila moja na udongo wake mguuni. Nyuma ya okidi zilikuja deizi nyeupe kwa fujo yao ya kawaida, kisha vile viua vya manjano vinavyong'aa kama siagi, kisha vyura. Kalunguyeye alikuwa keshajikunja chini ya sinki. Muriel aliufungua mlango wa bustani wazi kabisa wasisongamane, akavaa miwani na kuwatazama mmoja mmoja, kama alivyowatazama kule kondeni kila mwaka kiangazi kikianza.

Aliwajua wote. Konde lile chini ya bustani lilikuwa la mumewe, Roland, kwa urithi, lakini aliyelitunza ni Muriel. Halikukatwa nyasi mpaka maua yapukutishe mbegu. Wanakijiji walimcheka, ati mke wa Tapscott anafuga magugu, naye akaziba masikio. Siku ya harusi Roland alimwahidi kwamba konde lile hataligusa mtu. Aliapa mbele ya mama yake mzazi, jamani.

Jirani yao Enid aliingia kuomba maziwa, akainua sketi kuzivuka deizi.

"Naona umepata wageni, shoga."

"Konde zima limehama. Sijui wanakimbia nini."

"Si tingatinga! Roland ameshaliuza kwa wajenga nyumba." Enid akamtazama usoni. "Loh! Hukuambiwa? Nyuki wenu wanakunywa maji kwenye beseni langu. Wiki nzima hawana habari nyingine."

Akachukua maziwa, akaondoka haraka.

Kule, jambo kubwa la nyumbani halipiti bila nyuki kuambiwa. Iwe kifo, iwe ndoa, iwe shamba kuuzwa, mwenye nyumba huugonga mzinga kwa ufunguo wa mlango, akawaeleza kwa adabu. Asipowaeleza hususa, hususa kweli, wakaenda zao. Na Roland alikuwa mtu wa mila. Aliwaambia nyuki, nyuki wakayaambia maua, maua yakafungasha. Hata konokono alijua kabla ya mke!

Roland alishuka na slipa zake, akaziruka okidi mbili, akaketi na kuanza kupaka mkate siagi.

"Umeuza konde," Muriel alisema.

"Nilikuwa nitakwambia."

"Nyuki umewaambia."

"Ah, nyuki lazima, Muriel. Ukiwaficha wanahama."

"Na mimi je?"

Roland alitafuna kwanza, akameza.

"Wewe? Wewe utahamia wapi, mke wangu?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma, na ndiyo maana Muriel alishika ukingo wa meza. Kule bondeni tingatinga lilianza kunguruma. Kikombe cha Roland kilikuwa kitupu, na Muriel alikuwa ameshakijaza chai tena kabla mkono wake haujakumbuka kwamba umesalitiwa.