Miche Mitatu ya Roswitha

"Usitoboe hapo, utakuta ubao wa katikati," Roswitha alisema kutoka kwenye kochi, na mumewe Ewald akaisogeza drili vidole viwili kushoto bila ubishi. Kabati lilikuwa la mama yake Roswitha. Alikuwa na haki ya kulisemea, hata akiwa ameegemezwa kwa mito mitatu mgongoni.

Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Dawa za hospitali zilimlaza kama gunia, naye alitaka kitu kimoja tu: jioni moja ya kuwa macho, bila maumivu, acheze karata na mumewe. Mwanamke mmoja wodini alikuwa amemwambia kwamba bangi ilimsaidia. Na sheria mpya ya Ujerumani ilimruhusu kila mtu mzima kuotesha miche mitatu nyumbani kwake.

Ewald aliongoza ishara za reli mjini Stendal kwa miaka thelathini na minane, na hakuwahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata pasipo na gari wala mtu. Sheria hiyo aliisoma mara nne ndipo akaanza kupima kabati. Nguo za mkewe zikahamia kwenye maboksi. Akabandika foili ya jikoni ndani, akaning'iniza taa, na kwenye tundu akapachika feni aliyoitoa katika kompyuta mbovu. Mwisho akachomeka vibao kwenye vyungu: vitatu EWALD, vitatu ROSWITHA.

"Sasa majina ya nini?" Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Watu wawili, miche sita. Wakija kukagua, watakuta mambo yamenyooka."

"Mzee wangu, wewe hata mbinguni utaomba risiti."

Kila asubuhi saa kumi na mbili taa ilijiwasha, na mwanga ukachomoza kwenye tundu la ufunguo. Roswitha, ambaye maumivu yalikuwa yamemwamsha zamani, alisema, "Wameamka." Ewald alijibu, "Na walale wapi na kelele zako?" Kisha mlango ukafunguliwa, matani yakaanza.

"Angalia yako ilivyonyong'onyea," Roswitha alimtania. "Inakuogopa."

Mwezi wa kumi maua yakaanza kufunga. Zilibaki wiki tatu tu kabla ya kuvuna, na Roswitha hakuzimaliza. Alifariki Jumanne mchana, karata zikiwa mezani bado hazijagawanywa.

Baada ya mazishi, Gudrun, dada wa marehemu, alibaki kuosha vikombe. Alipotoka jikoni alimkuta Ewald amepiga magoti mbele ya kabati, suti ingali mwilini, ndoo pembeni.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Mtu mmoja, miche mitatu. Tangu Jumanne nimezidisha."

"Jamani, Ewald! Nani atakuja kuhesabu? Leo, hata leo?"

"Roswitha angehesabu. Angenicheka weee, lakini angehesabu."

Hapo akalia vibaya, kwa kwikwi, kama mtu asiyezoea kulia. Gudrun alipiga magoti kando yake, akajifuta mikono kwenye aproni, akashika shina la mche wenye jina la dada yake.

"Haya, basi nikusaidie. Tuanze na huu?"

"Huo usiguse!"

Gudrun akaurudisha mkono haraka. Ewald akavuta chungu chenye jina lake mwenyewe, akaung'oa mche na mizizi yake, akautia kwenye ndoo. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko yote kabatini, wala haukuwa umenyong'onyea hata kidogo, na mzizi wake ulishikilia udongo mpaka akalazimika kutumia mikono miwili.

Asubuhi yake saa kumi na mbili taa ikajiwasha. Mwanga ukapita kwenye tundu la ufunguo, ukaangukia kochi, ambako Ewald alikuwa amelala juu ya ile mito mitatu. Akafumbua macho.

"Wameamka," alisema, kisha akaacha nafasi ya kujibiwa.