Mwalimu wa Udereva Apanda na Mkewe

Mwalimu wa udereva aliwajua madereva kwa tabia zao: kuna anayekumbatia usukani kama mtoto mchanga, kuna anayewapigia honi hata kuku, na kuna yule anayetanua kana kwamba barabara ni ya babake. Lakini aliyemtia kichefuchefu hasa ni dereva mwoga. "Mwoga abaki nyumbani akamenye vitunguu!" alikuwa akifoka.

Jumapili hiyo mkewe, mwenye leseni mpya, akashika usukani. Mwalimu akajifunga mkanda kwenye kiti cha abiria, macho yamemtoka pima, akakanyaga sakafu kama vile kuna breki pale chini.

"Polepole, mama watoto! Utatuua!"

"Sawa, baba watoto," mkewe akasema. "Basi nipe ufunguo niwashe gari."