Kiti cha Kushoto

Mwaka 1967 gari za Matrah, huko Omani, zilikuwa za kuhesabika, na ya Suud ndiyo iliyokuwa kituko kuliko zote: MG ya viti viwili, ya kabla ya vita vya Hitla, haina paa, taa zimeitoka kama macho ya mwizi aliyefumwa. Mngereza mmoja aliyekuwa akihama alimwachia imekufa. Suud, fundi wa Mlandege kule Unguja, akaifufua, kisha akawa anaisemesha Kiswahili, maana hakuwa na mwengine wa kumsemesha. Kiarabu chake kiliwachekesha watu sokoni, na jamaa zake wote walibaki Unguja, walio hai na wasio hai.

Kiti cha kushoto alikiwekea spana.

Alasiri moja alikipangusa, akavaa kanzu mpya, akaenda kumposa Masouda, mjane aliyekimbia Unguja pamoja na mama yake, Bi Kheiria. Akapiga hodi mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Kheiria."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Bibi akachungulia njiani. "Mwanangu, posa haiji yenyewe kama paka. Wazee wako wako wapi?"

"Sina, bibi."

"Hata wa kuazima?"

"Wa kuazima Kiswahili hawakijui. Na mie nikiwaeleza kwa Kiarabu, watakuja wakidhani wameitwa mazikoni."

Nyuma ya pazia Masouda akacheka. Mama yake hakucheka. "Nenda. Urudi kiti kile kina mtu."

Suud akarudi garini, akarejesha spana kitini. Nani wa kumkalisha pale? Baba yake yuko Mwanakwerekwe, chini ya mchanga. Ami yake Amur, tangu siku ile ya mapinduzi, Januari, hajulikani alipo. Akazungusha hendeli, gari ikanguruma, naye akakaa vivyo hivyo, hajui akate kulia au kushoto.

Bi Kheiria akatoka na buibui lake. "Mbona hwendi?"

"Nnakwenda wapi, bibi?"

Bibi akakitazama kiti chenye spana. Kwa mlango ulioachwa wazi Suud aliona kizingitini makubadhi ya kike jozi mbili, basi. Hata kiatu kimoja cha mwanamume hamna. Posa ile, ingekuja na wazee kumi, ingepokewa na nani?

"Sogeza hivyo vyuma vyako," akasema bibi. "Nizungushe mpaka forodhani, kisha unirudishe."

Akapanda kwa kuguna, goti moja baada ya jengine. Njia nzima alishika buibui kwa mkono mmoja na mlango kwa mwengine. "Polepole, baba! Nnakwenda kuposa, siendi kuzikwa."

Waliporudi akashuka, akajitengeneza, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza Masouda, na sauti anaijua.

"Sisi," akasema Bi Kheiria, kwa ile sauti ya ugenini. "Watu wake Suud. Tumeleta posa."

Suud, aliyesimama nyuma yake na spana mkononi, akageuka kuangalia hao watu ni nani. Komeo likavutwa.