Mbishi Mwenye Kovu

Asubuhi ile Sindano alikuwa amekaa chini sebuleni, amebana kiti cha baiskeli katikati ya magoti, anakivalisha ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa kipande kilichobaki kwenye kochi la mteja, huko karakana ya makochi anakofanya kazi, na huko huko ndiko alikookota hilo jina la Sindano. Anavuta uzi, anaulowesha mdomoni, anavuta tena. Kila mshono ukikaa sawa anaupapasa kwa kidole gumba, polepole, kama anapima homa ya mtoto.

Mama yake akatoka chumbani, akaruka boksi la spoku, akaruka pampu, akashika kiuno.

"Haya mwanangu, leo mgeni akija tunamkalisha wapi? Juu ya gurudumu?"

"Leo inatoka, mama. Leo ndiyo siku yenyewe."

"Wimbo huo nimeuzoea. Nyumba inanuka grisi mpaka chai ina ladha ya mnyororo." Lakini aliyasema hayo huku macho yake yako ukutani, ilikoegemea ile baiskeli, na sauti ikaanza kupungua yenyewe. "Kaka yako anakuja?"

"Kasema atajitahidi."

Mama akaguna tu, akaenda zake jikoni. Sindano akaendelea kushona, ila uzi ulikuwa umeanza kumkatikia.

Maana fremu ya baiskeli ile ilikuwa ya kaka. Zamani, ukitaja watu wa baiskeli za gia moja, unaanza na yeye. Walimwita Breki, kwa kuwa baiskeli yake haikuwa na breki hata ya dawa. Na hizi baiskeli si kama zile za kutumwa dukani. Ile ya kawaida ukiacha kukanyaga inateleza yenyewe, miguu yako imestarehe. Hii hapana. Gia imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Kuisimamisha ni kushindana nayo kwa miguu. Ukikanyaga kinyumenyume, inarudi kinyumenyume. Wenyewe wanaiita mbishi.

Basi siku moja, katika kufukuzana tu kwa utani, Breki alianguka kwenye kona. Goti lilipona. Fremu ilikatika chini ya kiti, na hamu nayo ikakatika papo hapo. Alisema aliyembana kwenye kona ni Mlingoti, mpinzani wake, jamaa mrefu kama Breki mwenyewe, mtu ambaye akiingia mlangoni anaanza kuinama akiwa bado barabarani. "Yule mtu asiguse hata kivuli cha baiskeli yangu," Breki aliapa. Kisha akapata kazi mji mwingine, akafunga begi, akasema lile chuma litupwe.

Sindano hakulitupa. Alilificha chini ya kitanda, na siku moja akalibeba begani mpaka kwa mjomba wake, mchomeleaji mageti. Mjomba akaunganisha palipokatika, akachukua msasa apasawazishe. Sindano, ambaye kwa kawaida sauti yake haifiki hata mwisho wa meza, akapiga kelele, "Mjomba, acha! Paache hivyo hivyo!" Na pakaachwa. Fremu nzima aliipaka rangi, nyeusi kwa nyuma, buluu kwa mbele, na hakuna mtu aliyeweza kuonyesha kwa kidole nyeusi inaishia wapi. Ila pale pa kuungia alipaka vanishi tu. Chuma kinaonekana kilivyoyeyuka, mkunjo juu ya mkunjo. Kovu.

Alichotaka ni kitu kimoja tu: kaka yake aje aipande, yeye wa kwanza.

Watu wa wabishi hukutana kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kiwanda cha vigae kilichofungwa. Wana utaratibu wao. Baiskeli mpya inawekwa katikati, mjenzi ananyamaza, watu wanaizunguka. Halafu safari ya kwanza inafanywa na mtu mwingine, kamwe si mjenzi. Mjenzi anabaki nje anasikiliza, maana aliye juu ya baiskeli anasikia upepo masikioni, lakini aliye chini anasikia mnyororo unaolalamika. Mjenzi ndiye anayemchagua wa kuipanda. Asipomchagua mtu, baiskeli inarudi nyumbani kama ilivyokuja, na hiyo haijahesabiwa kuwa baiskeli bado. Ni pambo.

Sindano alifika mchana umeanza kulegea. Aliisukuma mpaka katikati, akaisimamisha kwenye stendi yake, akarudi nyuma, akatazama geti.

Mwanzoni kulikuwa na kelele za kawaida. Huyu anachekwa kwa usukani mfupi kama mpini wa mwiko, yule anaulizwa kama rangi yake aliiba kwenye gari la maiti. Halafu kelele zikaanza kupungua, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Watu walikuwa wanasogea. Mwanamume mmoja mwenye mwili wake alipiga magoti kwenye saruji, na suruali safi, akaweka uso karibu na lile kovu.

"Jamani," akanong'ona. "Jamani, njooni."

Mama Rimu, mkubwa wao, fundi wa magurudumu ambaye hata mtoto wake hajawahi kumsifu, aliinua usukani kwa mkono mmoja, akazungusha gurudumu la mbele kwa kidole. Likazunguka. Likazunguka. Mtu akakohoa, akamaliza kukohoa, bado linazunguka, na spoku zimegeuka ukungu.

"Hili umelinyoosha na nani, binti?"

"Peke yangu, mama."

"Mh." Akaivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kwa Mama Rimu, hiyo ilikuwa hotuba.

Kisha akainama chini ya kiti, akapapasa, akapapasa tena upande wa pili. "Bolti ya kushushia kiti iko wapi?"

Sindano akaangalia viatu vyake. "Haipo."

"Haipo vipi?"

"Nilimwambia mjomba aichomelee nguzo moja kwa moja. Bolti ingekata ule mstari. Ingeonekana... ingeonekana kama kifungo kwenye shingo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Kwa hiyo kiti hakishuki?"

"Hakishuki."

"Wala hakipandi?"

"Hakipandi."

"Vipimo ulichukua wapi?"

"Kwenye suruali ya kaka. Aliiacha kabatini."

Hapo hata Mama Rimu alishika mbavu. "Ameishonea nguo, huyu! Baiskeli ya kupimisha kwa fundi cherehani!" Kijana mmoja mfupi akajaribu kuikaribia, wenzake wakamvuta shati. "We, utabaki unaning'inia kama soksi kwenye kamba!" Na kweli, kwenye mbishi mguu usiofika pedali ni balaa, kwa sababu pedali haikungoji, inakuja, inakupiga ugoko, inaondoka, inarudi kukuuliza kama umesikia.

Sindano naye alicheka kidogo, lakini moyo ulikuwa getini. Akatoa simu. Kaka alikuwa ameandika, kitambo kidogo: *Kazi imenibana mdogo wangu. Anza tu.*

Anza tu. Kana kwamba ni chakula.

Alijua si kazi. Mama alishamwambia kwamba siku hizi kaka akipishana na baiskeli njiani anageuza uso upande wa maduka. Sindano alisimama pale, simu mkononi, watu wote wanamngoja achague, na kila aliyemtazama alikuwa mfupi. Kasoro mmoja. Alikuwa nyuma kabisa ya kundi, amejiinamia kama mtu anayejaribu kuazima ufupi wa wenzake. Mlingoti. Hakuwa amecheka wala kusogea.

Aondoke nayo? Angeweza. Mbishi angerudi kuegemea ukuta wa sebule, mama angekuwa anampangusa vumbi kama runinga. Au ampe mtu ambaye kaka yake alikula kiapo juu yake. Sindano alitazama baiskeli. Ilisimama pale, nyeusi ikiyeyukia kwenye buluu, haina habari na ugomvi wa mtu.

Akatembea. Kundi likamwachia njia bila kuambiwa.

"Kaka Mlingoti," alisema. "Utaipanda?"

Mlingoti akatazama kulia na kushoto. "Mimi?"

"Wewe ndiye unayefika."

"Breki ataniua."

"Breki hayupo."

Mlingoti akaja mpaka kwenye baiskeli, akachuchumaa, akaweka kidole juu ya kovu.

"Hapa ndipo."

"Ndipo."

"Nilikuwa nyuma yake, mdogo wangu. Nyuma, si ubavuni. Nilisikia ikikatika." Akavua viatu, akafuta nyayo kwenye suruali, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu, na akapanda.

Kiti kikamkaa kama alizaliwa nacho.

Alizunguka uwanja mara ya kwanza taratibu, na Sindano akafumba macho asikilize. Alisubiri mnyororo ukwaruze. Alisubiri pedali iteme mlio, rimu igonge, kitu chochote kilie. Alisikia matairi yakinong'ona kwenye saruji, basi. Akafumbua macho akidhani Mlingoti amesimama. Hakuwa amesimama. Alikuwa anapita mbele yake kwa kasi, na hapakuwa na sauti.

"Haina mlio," mtu akasema kwa woga. "Baiskeli haina mlio!"

Mlingoti akakata kasi kwa miguu, akaifikisha katikati, na hapo akaisimamisha. Hakuweka mguu chini. Gurudumu la mbele limekata upande, yeye juu yake wima, mrefu vile, na chini yake kitu chembamba kiasi kile kimembeba, kinapumua tu, unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma. Uwanja mzima uliacha kutafuna, kuongea, kupokea simu. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa fremu, ile rangi ikawa inatembea ndani ya chuma kama maji, na kovu peke yake likang'aa jeupe.

Halafu akaanza kurudi kinyumenyume. Duara zima, bila kugeuza shingo, kana kwamba kuna mtu anauvuta mchana urudi ulikotoka.

Sindano hakujua kuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mikono hii. Hii hii inayonuka gundi ya makochi, yenye matobo ya sindano kwenye vidole. Vile vyuma vilikuwa vimelala chini ya kitanda chake, ameviokota kimoja kimoja, na sasa tazama. Kwa muda ule hakumkumbuka kaka, wala kiapo, wala geti. Aliogopa kwa furaha, kama mtu aliyewasha kiberiti akaona kumekucha.

Mlingoti aliposhuka hakupigiwa makofi. Watu walisahau. Alimrudishia baiskeli kwa mikono miwili, macho mekundu, akasema tu, "Ina moyo, hii," akaenda kutafuta viatu vyake.

Mama Rimu akajikohoza. "Imehesabiwa," akatangaza, na ndipo kelele zikalipuka.

Sindano akajitenga pembeni, akaegemeza mbishi ubavuni kwake. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Angeweza kumficha. Picha ya baiskeli peke yake ingetosha, bila kutaja nani kaipanda. Mwishowe akaandika hivi:

*Kaka, imepandwa. Nimempa Mlingoti, hakuniomba, ni mimi nilimfuata. Anasema siku ile alikuwa nyuma yako. Imesimama bila mguu chini na imerudi kinyumenyume bila mlio hata mmoja. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimekitengeneza mimi. Njoo uione. Usipoipanda pia njoo.*

Akatuma kabla hajajionea aibu. Alama zikabadilika rangi: amesoma. Juu ya kioo pakaonekana kwamba anaandika. Akaacha. Akaanza tena, akaacha.

Sindano akangoja mpaka kioo kikazimika chenyewe.